Mama Alipoingia Kiganjo

Mwaka ambao binti yangu alichukuliwa kuwa polisi, chai ilikuwa imenawiri Othaya yote, na sisi tulikuwa tunachuma mpaka vidole vinakuwa vyeusi. Alitoka kwenye usajili uwanjani Nyeri akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Walikuwa wamewakimbiza, wakawahesabu meno, wakawapima urefu, na mwishowe wakamwambia abaki upande wa waliofaulu. Alinikuta jikoni.

"Nimepita," akasema. Kisha akachungulia dirishani, kule mama yangu, yaani bibi yake, alikokuwa anapalilia maharagwe, akapunguza sauti. "Nani atamwambia shosho?"

Hapo tukatazamana. Baba yake alikuwa amefariki zamani, kwa hiyo wa kumwambia tulikuwa mimi na yeye, na hakuna kati yetu aliyetaka kazi hiyo.

Mama hakuwahi kuwapenda watu wa sare. Alipokuwa msichana, alibeba viazi na risasi katika kiondo kimoja hadi msitu wa Nyandarua, walikojificha wapiganaji waliokuwa wakipambana na serikali ya Waingereza. Kaka yake mkubwa alikuwa mmoja wao. Baadaye mama alikamatwa na kufungiwa katika kambi ya wanawake, na huko ndiko alikojifunza Kiswahili, kutoka kwa walinzi. Ndiyo maana Kiswahili chake, mpaka leo, ni cha amri tupu. Akimkaribisha mgeni asiyejua Kikuyu humwambia, "Ingia! Keti! Kula!" na mgeni hula haraka sana.

Bendera ilibadilika, lakini kwa mama askari alibaki askari. Gari la polisi likipita barabarani, yeye huingia katikati ya michai akasubiri lipite. Na hakuna mtu wa serikali ambaye mama aliwahi kumpa jina lake halisi. Siku walipokuja kuwasajili watu kwa ajili ya vitambulisho, alitunga jina papo hapo: la kwanza lilikuwa la jirani aliyekuwa amehama, na la pili lilikuwa la ng'ombe wetu. Mimi nilikuwa mdogo, nimesimama kando yake, nikashangaa kusikia ng'ombe akiandikishwa. Tangu hapo serikali ya Kenya inamjua mama yangu kwa jina la ng'ombe, na yeye hajawahi kuona ubaya wowote wa jambo hilo.

Binti yangu ndiye aliyejitoa kusema. Alimfuata shambani, akachukua jembe la pili, akapalilia naye mstari mzima kabla ya kufungua mdomo. Mimi nilijifanya naanika kuni karibu pale.

"Shosho, nimepata kazi."

"Ya nini?"

"Ya polisi."

Mama hakuinua kichwa. Alipiga jembe mara chache, akang'oa mzizi wa nyasi ya sangari, akautikisa udongo.

"Watakupa koti?" akauliza.

"Watanipa."

"Zito?"

"Zito, shosho. Lina vifungo hadi shingoni."

"Basi nenda. Kaka yangu alipigana na baridi ya kule juu akiwa na ngozi ya swara, na swara mwenyewe alikuwa mdogo." Akahamia mstari mwingine. "Lakini mimi Kiganjo sikanyagi. Usije ukasema sikukwambia."

Kwa hiyo binti yangu alikwenda chuo cha polisi Kiganjo na baraka nusu. Miezi ilipita. Jumapili waliporuhusiwa kupiga simu, alinipigia mimi, nami nikaweka simu kwenye sauti kubwa juu ya meza. Mama alikuwa anakaa mbali kidogo, anachambua njegere, kama mtu ambaye maneno hayo hayamhusu. Binti yangu alieleza jinsi wanavyokimbia vilima, jinsi wanavyoamshwa kabla ya jogoo, jinsi miguu yake ilivyotoa malengelenge yakapasuka yakawa sugu.

Jumapili moja akasema wanakwenda kufanya mazoezi porini, kundi moja lijifiche na jingine lilitafute. "Sisi ndio tutakaojificha," akasema. "Sijui hata nianzie wapi."

Mama akaacha njegere. Alivuta kiti mpaka mezani, akaisogelea simu kama mtu anayetazama ndani ya kisima.

"Uko hapo?"

"Niko, shosho."

"Msikae karibu na maji. Kila mtu hutafuta karibu na maji. Teka, kisha uondoke. Na usijipake sabuni siku mbili kabla. Sabuni inanuka mpaka ng'ambo ya bonde."

"Ndiyo, shosho."

"Na kama kuna mtu kati yenu anayekoroma, mlaze katikati, mumfunike."

Waliongea mpaka salio la simu likaisha. Sijui kama mawaidha hayo yalimsaidia binti yangu, lakini najua yalimsaidia mama. Jioni ile alikula vizuri, akanisimulia mambo ambayo sikuwa nimewahi kuyasikia, jinsi walivyotembea kinyumenyume kwenye matope ili nyayo zidanganye, na jinsi yeye na msichana mwenzake walivyoanguka chali kwa kufanya hivyo, wakacheka huku wameziba midomo, mvua inanyesha, na wanajeshi wa Uingereza wako kilima cha pili. Nilikuwa nimekua nikidhani msitu ule ulikuwa njaa na risasi tu. Kumbe palikuwa na kicheko pia.

Jumapili zilizofuata yeye ndiye aliyeweka simu mezani mapema. Na siku tarehe ya kuhitimu ilipotangazwa, aliniuliza bila kunitazama, "Kiganjo watu huvaa nguo gani?"

Tatizo likawa usafiri. Mimi nina leseni ya kuendesha, lakini gari sina. Mwenye gari ni mzee jirani yetu, ambaye macho yake yamefifia kiasi kwamba hathubutu tena kuliendesha. Shamba lake liko kule juu kando ya barabara ya lami, tambarare na pana, na letu liko chini bondeni, limeinama mpaka jembe linateleza. Sababu yake kila mtu kijijini anaijua. Wakati wa vita vile, mzee huyu alikuwa homgadi, yaani kijana aliyepewa mkuki, baadaye bunduki, na serikali ya mkoloni alinde kijiji dhidi ya watu wa msituni. Mashamba yalipogawanywa upya, familia yake ilikuwa upande uliokuwa unagawa. Mama na yeye wameishi jirani maisha yao yote tangu hapo. Wamezikiana, wamechangiana harusi, wameazimana chumvi. Lakini hawajawahi kukaa kwenye kiti kimoja.

Nilipokwenda kumwomba gari, mzee alisikiliza, akachukua kofia yake ukutani, akaipangusa kwa kiwiko.

"Gari mtapata," akasema. "Lakini mimi nakwenda pia. Huyo msichana amekunywa maziwa nyumbani kwangu."

Asubuhi ya siku yenyewe mama alitoka amevaa rinda la buluu, sweta jeupe, na kitambaa kipya kichwani. Mzee alikuwa tayari ameketi kiti cha nyuma na fimbo yake katikati ya magoti. Kiti cha mbele kilikuwa kimejaa vyakula: sufuria ya mukimo wa viazi na mahindi imefungwa kwa kitenge, chapati, kuku, ndizi kutoka kwa dada yangu wa Mukurweini, na thamosi mbili za chai. Mama alitazama kiti cha mbele, akatazama cha nyuma, akaingia. Nikawasha gari kabla yeyote hajabadilisha mawazo.

Mlima Kenya ulikuwa wazi siku hiyo, na theluji yake kidogo iliyobaki iking'aa. Tulikwenda kimya mpaka tulipovuka daraja la mto Gura. Hapo mzee akakohoa.

"Mama Mwalimu," akaanza, kwani mimi nimekuwa mwalimu na kijijini mama huitwa kwa kazi yangu. "Mimi nililinda mto huu. Pale chini, lilipokuwa daraja la miti."

"Najua," mama akasema.

"Nilikuwa nakuona ukipita na kiondo."

"Hukuniona."

"Nilikuona. Ulikuwa msichana mwembamba, unatembea umeinama. Nikasema, acha apite, ni mtoto wa watu."

Nilishika usukani kwa nguvu. Mama akamgeukia, nikimwona kwenye kioo.

"Mzee," akasema kwa upole, "ulikuwa umelala."

"Sikulala."

"Ulilala na ulikuwa unakoroma. Tulikuwa tunasubiri ukorome ndipo tuvuke. Siku ambayo hukukoroma tulilala njaa, na wa msituni wakalala njaa."

"Nilikuwa najifanya."

"Mtu hajifanyi namna ile. Mate yalikuwa yanadondoka."

Mzee akageukia dirisha. Nilidhani amekasirika, nikapunguza mwendo, maana gari lilikuwa lake. Kisha nikaona mabega yake yanatikisika. Alikuwa anacheka. Mama naye akaanza, kwanza puani, halafu kwa sauti, akashika mkono wa sweta la mzee ili asianguke kwenye kona. Wakabishana hivyo mpaka Nyeri mjini: yeye anadai aliwaachia, mama anamnyima hata nusu ya sifa hiyo. Mpaka leo hawajakubaliana, na sidhani kama wanataka kukubaliana. Sasa huulizana habari hiyo kila wanapokutana kwenye njia ya kisimani.

Kiganjo palikuwa pamejaa watu kutoka kila pembe ya nchi. Wengine walikuwa wamelala njiani. Kwenye lango alisimama askari kijana, amenyooka, na Kiswahili chake kilikuwa laini cha watu wa pwani. Mama alipoona bunduki yake begani, alisita. Nilifikiri nitalazimika kumwacha kivulini ndani ya gari na chupa ya maji. Badala yake aliteremka mwenyewe, akamwendea, na kwa sababu ilikuwa lazima aongee Kiswahili, akaongea alichokuwa nacho.

"Wewe! Simama hapo!"

Kijana alikuwa amesimama tayari, lakini akasimama zaidi.

"Shikamoo, bibi," akasema. "Naomba kitambulisho. Na unitajie jina, tafadhali."

Mama akampa kitambulisho. Kisha akataja jina lake. Si lile la kadi. Alitaja la kwake la kuzaliwa, akataja la baba yake, akataja na ukoo, polepole, kila neno limesimama peke yake. Sikuwa nimewahi kumsikia akilitoa mbele ya mtu wa sare.

Kijana akatazama kadi, akatazama uso. "Bibi, hapa pana jina lingine."

"Hiyo ni ya ng'ombe," mama akasema.

"Ya nani?"

"Ng'ombe. Niliwapa ya ng'ombe. Yangu ni hii nimekwambia."

Askari akanitazama mimi. Nikamweleza kwa ufupi, nikijitahidi kuifanya habari ile isikike ya kawaida. Alisikiliza mpaka mwisho, huku midomo yake ikikataa kukaa sawa. Kisha akamwinamia mama.

"Na leo kwa nini umetupa la kweli?"

"Leo mtoto wangu ako ndani," mama akajibu. "Nyinyi muko na mtoto wangu. Mimi nitaficha nini?"

Kijana alimrudishia kadi kwa mikono miwili. Alisema picha inafanana na uso wake, na hilo linamtosha, na kwamba siku moja tumpeleke ofisini arekebishiwe. Halafu akamshika mkono akamvusha lango mwenyewe, akamwachia mwenzake nafasi yake kwa dakika ile. Mzee wetu alifuata nyuma na fimbo, akilalamika kwamba yeye aliyewahi kuwa upande wa serikali hakushikwa mkono na mtu.

Tuliketi kwenye jukwaa, juani. Bendi ilipoanza na vikosi vikaingia uwanjani, vyote vinakwenda kama mwili mmoja, niliacha kabisa kujua binti yangu ni yupi. Nilinyoosha shingo mpaka ikauma. Mama hakunyoosha shingo. Alikuwa anasikiliza. Kila afisa alipopaza sauti kutoa amri, nilisikia kando yangu mnong'ono unaomtangulia: "Geuka." "Mbele, tembea." "Simama." Alikuwa anazijua. Alikuwa amezifuata zamani, akiwa amevaa nguo za kambi na jembe begani, na sasa alikuwa anazitoa yeye, chini kwa chini, na kikosi kizima kilichovaa glavu nyeupe kikamtii.

Mama mmoja mnene kutoka magharibi, aliyekuja kumwona mwanawe, akatuinamia. "Bibi huyu alikuwa jeshini?"

"Alikuwa," mzee akajibu kabla yetu. "Lakini si hili."

Mama akamtazama mzee, na sijui kwa nini, hilo ndilo lililonitoa machozi. Si bendi wala bunduki. Niliyafuta kwa pindo la leso nikasingizia jua.

Sherehe ilipokwisha, kamba zikafunguliwa na watu wakamiminika uwanjani. Wengine walipiga vigelegele, wengine walibeba wanao juujuu kama magunia. Binti yangu alitupata kabla hatujampata. Alikuja anakimbia, akakumbuka kwamba yeye sasa ni askari, akapunguza mwendo, akasimama mbele ya shosho yake na kumpigia saluti.

Mama hakujua la kufanya na saluti. Hakuwahi kupewa. Aliinua mkono wake wa kulia, akaupeleka huku na huku, mwisho akauweka juu ya shavu la mjukuu wake na kuuacha hapo.

"Umekonda," akasema. "Keti. Kula."

Tulitandaza kitenge kwenye nyasi. Marafiki wa binti yangu walikuja mmoja mmoja kusalimu, na kila aliyesalimu aliamriwa kuketi na kula, mpaka mukimo ukaisha na wale watoto wa serikali wakaanza kukwangua sufuria. Mama alipapasa koti la mjukuu wake, akakagua ushonaji wa ndani, akasema kitambaa ni kizuri ila aliyeshona pindo alikuwa na haraka.

"Unapelekwa wapi?" akauliza.

"Kaskazini, shosho. Kule wanakoiba mifugo. Kuna vijana wameingia vichakani na bunduki. Serikali inawaambia watoke wazirudishe."

Mama akaweka kikombe chini. Tulijua anamkumbuka kaka yake. Uhuru ulipokuja, kaka huyo alitoka msituni nywele zikiwa mabegani, akasimama kwenye foleni na wenzake, akaahidiwa shamba, akapewa blanketi. Shamba halikufika. Alimaliza siku zake akilinda maduka Mukurweini, mtu mchangamfu aliyependwa na watoto, na kila sikukuu ya Jamhuri mwezi wa Disemba alivaa shati safi akasikiliza hotuba kwenye redio mpaka mwisho, asije akapitwa na jina lake.

"Ukimwona mtu ametoka msituni," mama akasema, "mpe uji kwanza. Kaka yangu walimuuliza maswali kutwa nzima juani na hakuna aliyempa uji. Halafu, kama kuna kitu hamwezi kumpa, msimwambie mtampa."

"Mimi ni konstebo tu, shosho. Siahidi mtu chochote."

"Uji unaweza."

"Uji naweza."

"Basi anza na huo," mama akasema, akamwongezea chai.

Mzee, aliyekuwa akihangaika muda wote huo na kidari cha kuku, aliomba aonyeshwe namna ya kupiga saluti ya siku hizi, kwa kuwa ya kwake ilikuwa ya Waingereza. Vijana wakasimama kumfundisha. Alikosea, wakarudia, akakosea tena kwa makusudi, na watu wa familia za jirani wakaja kutazama. Mwishowe yule mama wa magharibi alianzisha wimbo wa kwao, wenye kiitikio ambacho hata sisi tuliweza kukishika, na nikamwona mama yangu anacheza katikati ya uwanja wa chuo cha polisi, viganja vimefunguka, amezungukwa na askari pande zote.

Binti yangu alipewa likizo fupi kabla ya kuripoti kaskazini. Aliitumia kuchuma chai asubuhi, na mchana kung'arisha buti zake mlangoni, kwa pamba, rangi na matone ya maji, akizungusha kidole taratibu mpaka ncha ikawa kama kioo. Mama alimtazama siku ya kwanza. Siku ya pili alikwenda nyuma ya nyumba, akaleta mabuti yake ya mpira anayovaa shambani, akayaweka mbele ya mjukuu wake.

"Na haya," akasema.

"Shosho, haya ni ya mpira. Hayashiki rangi."

"Jaribu."

Alijaribu. Aliyaosha, akayasugua kwa mafuta ya kupikia, akayafuta kwa kitambaa mpaka yakawa yanamulika. Mama akayavaa, akabeba kikapu chake cha chai, akapanda kilima kwenda kituo cha kupimia majani. Mimi nilikuwa nyuma yake. Wanawake waliokuwa kwenye foleni walimwona, wakashangazwa na mabuti yale, wakamuuliza yamekuwaje.

"Yameoshwa na serikali," mama akawaambia, akaweka kikapu kwenye mzani.

Walicheka mpaka karani akasimamisha kazi. Mama hakucheka. Alisubiri majani yake yapimwe, kisha akarudi nyumbani kwa njia ndefu ya lami, akipitia mlangoni kwa mzee polepole sana, ili mwenye macho yaliyofifia apate muda wa kutosha kuona.